Nane Kasoro Nne

Fundi wangu wa hapa Kitete, Tabora, alizichomoa ramu zote mbili za kompyuta yangu, akazisugua miguu kwa kifutio cha penseli, akazirudisha moja moja, kisha akahukumu: "Hii nzima. Hii imekufa." Nilikuwa nimeagiza giga nane kutoka Kariakoo, nne na nne, hata mwezi haujaisha, na mashine ilikuwa inaona nne. Nikasema si neno, ina waranti, nitairudisha. Kijana akanitazama kama anayemwona mzee akivuka reli bila kuangalia. "Sawa, Mwalimu. Ila ukiwapigia usije ukasema imeungua. Sema haisomi."

Ushauri huo nimeutafuna siku kadhaa. Kwetu mashine hufa, huungua, hugoma, huzingua, na wengi wetu hatuchagui. "Imeungua" tunasema hata kwa kitu ambacho hakijatoa moshi. Mwenye duka husikiliza kitenzi kama hakimu. Kilichoungua kina aliyekiunguza: umeme uliopanda na kushuka, chaja ya kuazima, mtu aliyepachika ramu mashine ikiwa imewaka. Hayo waranti haiyagusi. Kufa ni kazi ya Mungu. Kugoma kunamfanya muuzaji akuambie uibembeleze kwanza. "Haisomi" haina mtuhumiwa, na ni kweli tupu.

Nomino nazo zina mambo yake. Hitilafu ni ya matangazo: umeme ukikatika nchi nzima, tunaambiwa kuna hitilafu kwenye gridi ya taifa. Ubovu ni wa embe. Mimi nachagua kasoro, neno tunalolitamka kila siku bila kulisikia, maana saa tatu kasorobo ni saa tatu kasoro robo. Ni neno la hesabu: linataja kilichopaswa kuwepo, kisha linataja kilichopungua. Mashine yangu ilikuwa na giga nane kasoro nne.

Kasoro iliyovuma kuliko zote katika kompyuta ilikuwa ya hesabu kwelikweli. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati huko Virginia, Marekani, aligundua kuwa prosesa ya Pentium inakosea kugawanya namba fulani. Mwanzoni Intel walitaka mteja aonyeshe kwanza kwamba kazi yake inahitaji usahihi huo, ndipo abadilishiwe. Watu wakachachamaa. Desemba 20 kampuni ikakubali kumbadilishia yeyote atakaye, na hasara iliyoandikwa vitabuni ikawa dola milioni 475.

Yeyote atakaye: hapo ndipo nilipoikumbuka hiari. Neno hili limetoka kwenye khiyari ya Kiarabu, na katika fiqhi ya Kiislamu kuna kitu kinachoitwa khiyaru-l-aib. Mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwepo kabla hajakabidhiwa mali, ana haki ya kuchagua: airudishe au abaki nayo. Hiyo "aib" ni ya kitu chenyewe, ufa wa mtungi au kilema cha punda. Waarabu wanayo pia maana ya fedheha, nakiri. Lakini sisi tulipolichukua likawa aibu, tuliling'oa kwenye bidhaa tukalibandika usoni mwa mtu. Na hiari, iliyokuwa haki mkononi mwa mnunuzi, ikawa jambo la kufanya ukijisikia. Labda ndiyo maana anayerudisha kitu dukani huanza kwa kusema samahani.

Wafanyabiashara wa Kiomani waliojenga tembe zao hapa Unyanyembe walikulia kwenye sheria hiyo ya khiyari. Ila njia ya misafara ilikuwa na sheria yake. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 7. Mali ya wafanyabiashara ilikopwa Unguja kwa matajiri wa Kihindi, ikabebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Shanga zilikuwa na fasheni. Ukifika bara na rangi isiyopendwa msimu ule, imekula kwako. Na kile kitambaa cha merekani, jina la nchi kilikofumwa limo ndani yake, lakini mfumaji mwenyewe hakuna mtu wa Tabora ambaye angeweza kumpata.

Mtengenezaji wa ramu yangu naye yuko hivyo hivyo, na neno lenyewe linanichanganya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inaweka wajibu kwa mtengenezaji. Lakini Kitete hii, ukisema unapeleka kompyuta kwa mtengenezaji, watu wataelewa unaipeleka kwa kijana mwenye kifutio. Kutengeneza kwetu ni kuunda na ni kuponya. Kiwandani wamezitenganisha kazi hizo kwa kijikaratasi chenye gundi: akikibandua mtengenezaji wa pili, mtengenezaji wa kwanza anajitoa.

Kamusi zingetaka niseme dhamana badala ya waranti. Nimejaribu. Dhamana inaleta mahakama, ndugu aliyeamka alfajiri na barua ya mtendaji mfukoni, mtu anayesimama mbele ya hakimu na kusema mimi namjua huyu. Nyuma ya dhamana pana mdhamini, na mdhamini ana sura. Nyuma ya ramu yangu pana namba ndefu. Waranti basi, ingawa kwa watumishi wa zamani neno hilo ni karatasi ya serikali ya kupandia treni, na kwa mji uliofikiwa na reli mwaka 1912 hiyo ndiyo waranti ya kwanza.

Zipo ramu zinazouzwa na waranti ya maisha. Maisha ya nani, nimeuliza. Si yangu, ni ya ramu. Ikifa, maisha yake yamekwisha, na mwanasheria mwenye kiu angeweza kunywea hapo.

Kilichobaki ni kitendo chenyewe. Marejesho hayafai: kila mwanachama wa VICOBA akisikia marejesho anawaza deni lake la Ijumaa. Kurudisha kunatosha, japo nyuma yake yupo kurudi mwenye tabia nyingi. Nguo hurudi ikifuliwa, na mtoto mtukutu hurudiwa kwa fimbo. Muuzaji alikuwa ameniandikia kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Chini yake, kwa mkono uleule, "waranti miezi 12". Nikaitoa kopi haraka. Risiti za mashine zinapauka, na chapa yake ingeweza kufutika kabla ya mwezi wa sita.

Nilipiga simu. Nikasema haisomi. Wakasema itume.

Asubuhi nikaifunga kwenye boksi la dawa ya meno, nikaenda nayo stendi. Wenye basi wanaiita mzigo, jina lilelile la furushi la mpagazi la kilo 30 na ushei, ingawa wangu haufikii uzito wa embe. Unakwenda Kariakoo, soko lililochukua jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Binti wa ofisini akachukua kalamu.

"Ndani kuna nini, baba?"

"Ramu ya kompyuta."

"Nzima au mbovu?"

"Haisomi," nikasema.