Bembea ya Bwana Maxim

Jina la Hiram Maxim twalijua kwa bunduki yake ya rashasha aliyoibuni Uingereza katika miaka ya 1880. Habari ya bembea yake wachache wetu tuliambiwa.

Mwaka 1894 Maxim alijaribu eropleni ya mvuke. Ikanyanyuka kidogo, kisha ikaharibika. Ili apate fedha za utafiti, mwaka 1904 alijenga bembea kubwa: nguzo ndefu izungukayo, yenye mikono iliyoning'iniza vyombo vya abiria kwa kamba za chuma. Alitaka abiria waongoze mabawa wenyewe; akakatazwa kwa ajili ya usalama. Ile ya Crystal Palace, London, ilikwisha ondolewa zamani. Ya Blackpool ingali ikizunguka.

Mwaka uliofuata, 1905, huko Mahenge, bunduki za rashasha za Wajerumani ziliwafyeka wapiganaji wa Maji Maji. Wenzetu walipata bembea. Babu zetu walipata risasi.

Mimi mtumishi wa serikali kila mpango ufikao mezani kwangu nauuliza: utamfikia nani, na kwa sura gani? Vijana, msomapo habari za uvumbuzi, nanyi ulizeni hivyo hivyo.