Baringo hadi Iten: Barabara noma ya milima na kambi kando ya ziwa

Kama mbogi yako imechoka na Naivasha kila wikendi, cheki Baringo. Hii njia inakupea ziwa, milima na Kerio Valley kwa siku mbili tatu, na ni lami hadi mwisho. Lakini usiende na picha za zamani kichwani. Ziwa limesonga, na miteremko ya huku haibembelezi dereva.

Siku ya kwanza: Nai hadi Kampi ya Samaki

Nai hadi Naks ni kama kilomita 160. Hapo unashika barabara ya Marigat, kilomita 100 hivi. Mogotio unavuka ikweta na joto linaanza kupanda. Asali ya Baringo inauzwa kando ya barabara, beba chupa. Ukiwa na masaa, pitia Ziwa Bogoria ucheki chemchemi za maji moto. Kampi ya Samaki iko kama kilomita 20 kutoka Marigat.

Kupiga hema bila kujiletea balaa

Kwa miaka kama kumi na tano hivi, maji ya Baringo yamekuwa yakipanda, na 2020 mambo ilikuwa mbaya zaidi. Hoteli, nyumba na shule zilimezwa. Hata twiga 9 walibaki wamezingirwa na maji huko Longicharo, wakavushwa kwa chombo maalum hadi April 2021.

Kwa hivyo ramani ya simu inaweza kukupeleka mahali ambapo sasa ni maji. Piga simu kabla utoke, uliza kambi iko wapi leo na kama kuna mlinzi wa usiku.

Viboko hutoka majini usiku kula nyasi. Uliza wenyeji njia zao, piga hema mbali nazo, na usiwahi kusimama kati ya kiboko na maji. Ukienda choo usiku, beba tochi na uende na msee mwingine. Kuogelea sahau, kuna mamba. Ukipanda boti, vaa jaketi la kuokolea hata kama unajua kuogelea. Beba pia neti na dawa ya mbu, huku malaria ipo.

Siku ya pili: milima

Rudi Marigat, shika njia ya Kabarnet. Unapita Kimalel, kwenye ule mnada maarufu wa mbuzi, halafu kona za Tugen Hills zinaanza. Ziwa liko kwa mwinuko wa kama mita 1,000, Kabarnet ni karibu 2,000. Tafuta mahali salama pa kuegesha, ugeuke ucheki bonde lote chini yako.

Ukitoka Kabarnet unateremka tena hadi Chebloch, mahali Mto Kerio umekata mwamba. Kisha ni Biretwo, Tambach, na ukuta wa Elgeyo hadi Iten, mji wa wakimbiaji, mita 2,400 hivi. Ulikuwa unatokwa na jasho asubuhi, jioni unatafuta jaketi. Eldi iko kama kilomita 35 mbele.

Rada ya dereva

Kushuka, tumia gia ya chini. Ukikanyaga breki mteremko mzima zinachemka, halafu zinakataa kushika. Ukiskia harufu ya kuungua, simama mahali salama uziache zipoe zenyewe. Kupanda, angalia geji ya joto ya injini. Endesha mchana tu: kuna mbuzi barabarani, na mvua ikinyesha mawe huanguka.

Usalama

Sehemu za kaskazini mwa Baringo na Kerio Valley zimesumbuliwa na majangili, hadi serikali ikatuma jeshi February 2023. Hali hubadilika. Uliza polisi na wenye kambi siku hiyo hiyo, na usijaribu njia za mkato kupita Loruk ati unatafuta content. Wakikuambia subiri, subiri.

Ganji yako iende wapi

Wilchamus wa hapa ndio wanajua hili ziwa, na wengi walipoteza mashamba kwa mafuriko. Chukua boti na gaidi wa hapo, kula samaki wa hapo, na mkubaliane bei kabla mng'oe nanga. Takataka zenu rudi nazo.