Petroli na Sheria Zake: Habari za Mashindano ya Motokaa

Salamu za leo zinakwenda kwanza kwa darasa la Sokon I, hapa Arusha, chini ya Mlima Meru. Kaeni vizuri. Mwenye miwani avae miwani yake, na karatasi ya somo iwe mbele yenu. Anayesoma upesi amngojee mwenzake.

Leo tutasoma habari za petroli. Labda utasema, "Hayo ni mambo ya wenye motokaa, mimi natembea kwa miguu." Ngoja kidogo. Kabla ya mwisho wa somo utaona kwamba jambo hili limeingia mpaka nyumbani kwako.

1. MASHINDANO YALIYOPITA NJIA ZETU

Mwaka 1953 Malkia Elizabeth wa Pili alitawazwa huko Uingereza. Wakati huo Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya Waingereza. Wapenda motokaa wa Nairobi wakaanzisha mashindano ya kuadhimisha kutawazwa huko. Hawakutaka kuzunguka kiwanja kimoja kama ng'ombe wa kinu. Walitaka kupita nchi zote tatu, katika vumbi na tope. Tangu mwaka 1960 mashindano hayo yaliitwa Safari ya Afrika ya Mashariki.

Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani wakati wa masika. Magari yalipita pia kaskazini ya nchi yetu, yakapanda mlima mkali wa Magara, upande wa Mbulu. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikafika 7 tu. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikafika 7 tena. Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam.

Sasa angalieni jambo hili. Nyingi za motokaa hizo zilikuwa za namna ile ile inayouzwa dukani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z. Hilo ni gari dogo la mbio, lenye viti viwili, lakini lina ruhusa ya kutembea barabarani, na mtu yeyote mwenye fedha aliweza kulinunua. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa gari la namna hiyo hiyo.

Basi gari linaloweza kwenda sokoni Jumatatu linaweza kwenda mashindanoni Ijumaa. Hapo pana swali. Tangi la petroli limetengenezwa kwa safari ya kawaida. Je, litavumilia likipigwa na mawe, likipinduka, au likigongwa kwa nguvu? Ili kujibu, yatupasa kwanza kuijua petroli yenyewe.

2. PETROLI INAWAKA NAMNA GANI

Watu husema kwamba petroli inawaka. Kwa kweli kinachowaka ni mvuke wake. Linganisha na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yanataka joto la digrii 38 au zaidi ndipo yatoe mvuke wa kutosha kushika moto. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Hata kileleni Kilimanjaro hakuna baridi kama hiyo. Kwa hiyo petroli iliyo wazi iko tayari kuwaka saa zote, mchana na usiku.

Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Hutambaa chini, hupita chini ya mlango, na unaweza kulifikia jiko la mkaa lililo mbali na dumu. Macho hayauoni. Cheche moja inatosha.

3. SHERIA ZILIZOTOKA MOTONI

Tarehe 11 Juni 1955, katika mji wa Le Mans, Ufaransa, motokaa ya Mercedes iliyoendeshwa na Pierre Levegh iligonga gari jingine, ikaruka, ikapasuka na kuwaka mbele ya watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wengi wao walikuwa wamekuja kutazama tu, pamoja na jamaa zao.

Tarehe 30 Mei 1964, huko Indianapolis, Marekani, Dave MacDonald aligonga ukuta, na petroli iliyokuwa garini mwake ikalipuka. Eddie Sachs alikuja nyuma, hakuweza kukwepa. Wote wawili walikufa. Baada ya siku hiyo wakubwa wa mashindano hawakuweza tena kusema kwamba ni bahati mbaya tu. Mafundi wakakumbuka ndege za Vita Kuu ya Pili, ambazo tangi zake zilivikwa mpira ili zisivuje zikipigwa risasi. Wakatengeneza tangi kwa ajili ya motokaa: mfuko wa mpira mgumu, na ndani yake sponji, ili petroli isimwagike yote mara moja. Kufika mwaka 1970, tangi la namna hiyo lilikuwa lazima katika mashindano makubwa ya dunia yaitwayo Formula 1.

Tarehe 24 Oktoba 1971, huko Brands Hatch, Uingereza, Jo Siffert alinaswa ndani ya gari linalowaka, akafa kwa moshi. Baada yake magari hayo yakaamriwa kubeba vizima moto vyao wenyewe.

Mmeona? Kila sheria ina kaburi nyuma yake.

4. SHERIA ZENYEWE

Leo Shirikisho la Motokaa la Dunia, FIA, limeandika sheria hizo wazi. Mfuko wa mpira wa tangi la mashindano una umri: miaka 5 tangu kutengenezwa. Baada ya hapo lazima ukaguliwe, nao huongezewa miaka 2 tu. Katika baadhi ya makundi, gari la barabarani linaruhusiwa kubaki na tangi lake la kiwandani. Hata hivyo lazima pawe na ukuta wa kuzuia moto kati ya tangi na watu waliomo. Kizima moto lazima kiwemo.

Na wakati wa kutia mafuta, injini lazima izimwe. Dereva na mwenzake hushauriwa kutoka nje. Wakibaki ndani, lazima wafungue mikanda. Kwa nini? Kwa sababu mkanda unaokuokoa barabarani unaweza kukufunga motoni.

5. NA SISI JE?

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka. Watu walikimbilia na madumu na ndoo kuchota. Petroli ikawaka. Waliokufa walikuwa zaidi ya 100. Huko Molo, Kenya, Januari 2009, jambo kama hilo liliua pia watu zaidi ya 100.

Waliokufa hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu wenye haja, kama wewe na mimi, na lita chache za petroli ni fedha. Lakini dereva wa mashindano, mwenye nguo za kuzuia moto na kizima moto karibu yake, anakatazwa kutia mafuta injini ikiwaka. Sisi tunajaza pikipiki tukiwa tumeikalia, na mtoto mbele. Tunaweka petroli katika chupa ya maji, karibu na jiko. Nani kati yetu na yeye anayejihatarisha zaidi?

Basi usiku wa leo, kabla ya kulala, tazama nyumbani kwako. Kama kuna petroli ndani, itoe nje, mbali na moto na mbali na watoto. Ukimwona mtu anachota petroli ya lori lililopinduka, mwite kwa sauti, wala usimsogelee. Hapo utakuwa umelisoma somo hili kweli.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini petroli ni ya hatari kuliko mafuta ya taa?
2. Motokaa ngapi zilifika mwisho mwaka 1963? Andika tarakimu, kisha andika kwa maneno.
3. Kwa nini dereva anayebaki garini hufungua mkanda wakati wa kutia mafuta?
4. Katika mtaa wenu petroli huuzwa na kuwekwa namna gani? Ninyi wenyewe mngeandika sheria gani?

Kwaherini, wanafunzi. Tukutane juma lijalo.