Afya ya Akili Chini ya Uluguru: Sera Iliyojaribiwa Morogoro

Bigwa ni kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo chini ya milima ya Uluguru, pale barabara ya Matombo, Mvuha na Kisaki inapouacha mji. Ukipita hapo unaingia Kiroka, na tayari uko Morogoro Vijijini. Kwa familia nyingi za upande huo wa mlima, hii ndiyo njia ya kuteremshia mgonjwa hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwenye malaria au jeraha hupata huduma ya kwanza kwenye zahanati ya karibu. Je, mwenye ugonjwa wa akili ateremke umbali gani ndipo akutane na tiba? Kwa zaidi ya miaka 100 serikali zilizotawala nchi hii zimelijibu swali hilo kwa namna tofauti, na mkoa wa Morogoro umo ndani ya majibu hayo kuliko wengi wetu tunavyokumbuka.

Kabla ya hospitali, mgonjwa alikuwa wa ukoo. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hivyo maradhi yaliyombadili mtu tabia yalikuwa shauri la wajomba na wazee. Wao ndio waliotafuta chanzo, kama ni mizimu, uchawi au mwiko uliovunjwa; wao ndio waliosimamia tambiko au kumwita mganga. Utaratibu huo ulikuwa na madhara yake, lakini haukumwondoa mgonjwa kwa watu wake.

Utawala wa kikoloni ulikuja na jibu jingine: mgonjwa apelekwe mbali. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walikuwa wamefungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 makao hayo yakaanza kupokea wagonjwa wa akili, na Lutindi ni hospitali ya akili hadi leo. Waingereza nao walifungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Reli ya Kati ilikuwa imefika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910, kwa hiyo umbali wa kilomita zipatazo 260 haukumzuia askari kumsafirisha mtu. Ndugu mkulima, asiye na nauli wala siku za kuliacha shamba, angemfuataje? Sheria ya magonjwa ya akili ya enzi hizo ilipitia kwa hakimu na polisi, na lengo lake kubwa lilikuwa kuilinda jamii dhidi ya mgonjwa. Kando ya Mirembe kuna Isanga, taasisi ya wagonjwa wa akili waliotenda makosa ya jinai. Hadi leo jina la Mirembe hutumika mitaani kama tusi, na hilo linaonyesha jinsi hofu ya wakati ule ilivyotukaa.

Jibu la tatu lilianzia kusini mwa mkoa wa Morogoro wa leo. Daktari Mnorwei Louise Jilek-Aall alifika Tanganyika mwaka 1959, na huko Mahenge, Ulanga, akakuta watu wengi wenye kifafa miongoni mwa Wapogoro. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, lakini nchini kwetu wagonjwa wake wamekuwa wakihudumiwa katika kliniki za afya ya akili. Watu waliamini kwamba mate na povu la mgonjwa huambukiza. Mgonjwa alikula peke yake, alilala peke yake, na akiangukia motoni wengi waliogopa kumshika, ndiyo maana daktari huyo alikutana na makovu mabaya ya moto. Mwaka 1960 alianzisha kliniki iliyowapa wagonjwa fenobabitali, dawa ya bei nafuu inayomezwa kila siku. Degedege zilipopungua, waliotengwa wakaanza kurudi kwenye kazi na kwenye maisha ya wenzao. Kliniki hiyo ya Mahenge ilithibitisha kwamba kidonge kinachopatikana karibu na nyumbani kinaweza kupunguza maumivu na kumrudishia mtu nafasi yake kwa pamoja.

Baada ya Uhuru, Tanzania ilirithi hospitali za mbali na madaktari bingwa wa kuhesabika kwa vidole. Huko Aro, Nigeria, Profesa T. Adeoye Lambo alikuwa ameonyesha tangu 1954 kwamba mgonjwa anaweza kutibiwa huku akiishi kijijini na ndugu yake. Tanzania nayo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ilianzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, kama Hombolo nje ya Dodoma na Vikuruti nje ya Dar es Salaam, ambako mgonjwa alilima, akafuga na kurudia mazoea ya kuishi na watu. Hata hivyo, vijiji hivyo vilikuwa vichache, na Mluguru wa Kinole au Matombo bado alipaswa kusafiri kuvifikia.

Hatua kubwa ilifuata baada ya Azimio la Alma-Ata la 1978 kuhusu afya ya msingi. Serikali, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani na shirika la maendeleo la Denmark, DANIDA, ilibuni mpango wa taifa wa afya ya akili na kuujaribu mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mikoa miwili: Kilimanjaro na Morogoro. Mpango ulitaka mhudumu wa zahanati afundishwe kutambua maradhi machache makubwa, kichaa na kifafa yakiwemo. Apewe dawa chache za msingi. Naye asimamiwe na wataalamu wa ngazi ya juu. Mgonjwa asilazimike kumfuata bingwa. Ujuzi ndio uteremke hadi kwake. Sera zilizofuata zimeendelea kujengwa juu ya wazo hilo.

Wazo lilikuwa sahihi, lakini miaka ile ilikuwa migumu. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, zahanati nyingi zilikosa dawa. Katika tiba hii, upungufu wa dawa ni hatari ya pekee: anayekatishwa fenobabitali ghafla anaweza kupatwa na degedege mfululizo na kupoteza maisha. Familia iliyoona hayo ilirudi kwa mganga, na mtu asiilaumu.

Kikwazo kingine kilitokana na namna tunavyohesabu maradhi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Morogoro Vijijini na Rufiji zilikuwa wilaya za mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC. Wilaya zilipanga bajeti kwa kufuata mzigo halisi wa magonjwa, na vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Ni mafanikio ya kujivunia. Lakini mzigo huo ulipimwa zaidi kwa vifo, na sonona au kichaa huharibu miaka mingi ya maisha bila kuandikwa kama chanzo cha kifo. Dunia ilikuwa imekwisha kuonywa: tathmini ya mzigo wa magonjwa iliyotolewa mwaka 1996, iliyohesabu pia miaka ya kuishi na ulemavu, iliiweka sonona nafasi ya nne duniani. Mgonjwa asiyekufa asipohesabiwa, hapangiwi fedha.

Sheria zimeendelea kuboreshwa. Ile ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliwatambua waganga, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha umuhimu wa hatua hiyo: jijini Dar es Salaam, asilimia 48 ya waliohudhuria kwa waganga walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili, dhidi ya asilimia 24 kwenye vituo vya afya. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ilichukua nafasi ya ile iliyorithiwa kwa mkoloni. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Kwa hiyo hatuna upungufu wa sera. Upungufu uko kwenye bajeti ya halmashauri na kwenye rafu ya zahanati. Kila kituo cha umma kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Wewe msomaji wa Bigwa, Kiroka au Mgeta, iulize kamati yako mambo matatu: je, dawa za kifafa na za akili zimeagizwa Bohari ya Dawa? Kuna mhudumu aliyefunzwa kuzitumia? Nani anamfuatilia mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitalini? Maswali hayo hayahitaji daktari bingwa kuyajibu, na Morogoro, iliyoijaribu sera hii kabla ya mikoa mingi, inapaswa kuwa ya kwanza kuyapatia majibu.