Maji matupu kwenye rejeta huangamiza injini wakati wa baridi kali

MKENYA anayeishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, anapokuja nyumbani kwa sherehe za Krismasi, huliacha gari lake likiwa limeegeshwa kwa majuma kadhaa. Katika kipindi hicho, halijoto jimboni humo huweza kushuka hadi nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sufuri. Iwapo rejeta ilijazwa maji matupu, kama walivyozoea madereva wengi wa nchi za joto, huenda akarejea na kukuta injini imepasuka.

Maji huanza kuganda katika sufuri, na yanapoganda hupanuka kwa takriban asilimia 9. Yakiwa yamefungiwa ndani ya injini hayana pa kwenda, hivyo barafu hupasua bloki, rejeta au pampu. Ubavuni mwa bloki huwa na vizibo vidogo vya chuma ambavyo wakati mwingine hufyatuka. Hata hivyo, kazi ya vizibo hivyo ni kuziba matundu yaliyobaki bloki iliposubiwa, na hakuna hakika kwamba vitatangulia kutoka kabla ya chuma kupasuka. Isitoshe, barafu yenyewe huziba ufa, na hasara hudhihirika baadaye inapoyeyuka.

Kinga ya kuaminika ni dawa ya kuzuia kuganda, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa ethilini glikoli. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvichumvi, mchanganyiko hustahimili baridi hadi karibu nyuzi 37 chini ya sufuri. Wapo wanaodhani kwamba dawa ikizidi, kinga nayo huzidi. Sivyo. Dawa isiyotiwa maji huganda mapema, karibu nyuzi 13 chini ya sufuri. Kwa sababu hiyo, kiwango chake hakifai kupita asilimia 70.

Kuimimina tu hakutoshi. Injini inapaswa kuwashwa, hita ikiwa imefunguliwa, hadi ipate moto na dawa izunguke kote. Baada ya injini kupoa kabisa, kifuniko cha rejeta hufunguliwa na mchanganyiko kukaguliwa kwa kipimo kidogo kinachouzwa katika maduka ya vipuri. Kufungua kifuniko injini ikiwa moto ni kujitakia kuungua.

Baadhi ya wenye magari hupendelea kumwaga maji yote. Njia hii ina hatari yake, kwani maji husalia katika mabonde ya bloki na mabomba ya hita, na kiasi hicho kidogo chaweza kuleta madhara. Anayelazimika kuitumia hana budi kufungua vizibo vya rejeta na vya bloki pia, kisha aweke ilani kwenye usukani ili mtu asije akawasha injini kavu.

Tahadhari nyingine yahusu uhai. Ethilini glikoli ni sumu kali yenye ladha tamu, inayoweza kuua mtoto au mbwa akiionja. Sharti ihifadhiwe mbali nao, na iliyomwagika ipanguswe mara moja.

Ukaguzi huo huchukua dakika chache na hufaa kufanywa kabla ya baridi kuanza. Injini iliyopasuka haina tiba rahisi, na mara nyingi gharama ya kuibadilisha hushinda thamani ya gari lenyewe.