Potopoto ya Ziwa Tanganyika yasimulia habari za enzi ya barafu

Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yaliingia ndani ya nyumba za watu Kalemie, Uvira na hata Bujumbura kule Burundi. Tangu siku zile wakaaji wa pwani wanauliza: ziwa hili limepatwa na nini? Wako wanaosema ni laana, na wako wanaosema mto Lukuga umeziba. Sehemu kubwa ya jibu imelala chini ya maji, ndani ya potopoto.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470. Huko chini hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna samaki wala mdudu wa kuchimbua matope. Udongo unaoletwa na mito, majani na mabaki ya vijidudu vinashuka pole pole na kulala juu ya vile vilivyotangulia, tabaka juu ya tabaka. Wataalamu wakizamisha bomba refu ndani ya matope hayo, wanatoa kipande chenye siku za leo upande wa juu na maelfu ya miaka upande wa chini. Umri wa tabaka wanaupima kwa kaboni iliyobaki ndani yake.

Mwaka 2008 mtaalamu wa Marekani, Jessica Tierney, na wenzake walitangaza katika jarida la Science habari za miaka 60,000 walizozisoma katika matope ya Tanganyika. Walitazama hasa vitu viwili. Cha kwanza ni nta inayofunika majani ya miti na nyasi. Mmea unatengeneza nta hiyo kwa maji ya mvua, na hidrojeni ya maji hayo iko ya aina mbili, nyepesi na nzito. Mvua zikiwa nyingi, ile nzito inapungua. Ukame ukizidi, inaongezeka. Cha pili ni mafuta ya vijidudu wanaoishi majini, ambayo umbo lake linabadilika kadiri maji yanavyopata joto au baridi.

Walikuta nini? Miaka kama 20,000 iliyopita, wakati Ulaya ya kaskazini ilikuwa imefunikwa na barafu, maji ya Tanganyika yalikuwa na baridi kuliko leo kwa nyuzi 3 hivi au zaidi. Barafu ya mlima Rwenzori nayo ilishuka chini sana kwenye mabonde. Lakini huku ziwani baridi haikuja na mvua. Ilikuja na ukame. Uchunguzi mwingine wa matope unaonyesha kwamba ziwa lilishuka zaidi ya mita 200 chini ya pwani ya leo. Lukuga haikuweza kutoa hata tone moja, maana mlango wake ulikuwa umebaki juu kabisa, mahali pakavu.

Jambo la kushangaza ni kwamba mvua zetu zilifuata hata mambo ya bahari ya mbali. Kunako miaka 17,000 iliyopita, milima ya barafu ilimeguka na kuingia kwa wingi katika Atlantiki ya kaskazini. Bahari ile ikapoa, na matope ya Tanganyika yanaonyesha ukame mkali wakati ule ule. Kisha, tangu miaka kama 11,000 iliyopita, mvua kubwa zikarudi na kudumu maelfu ya miaka. Ziwa likajaa. Ziwa Kivu, ambalo volkano za Virunga zilikuwa zimelifungia njia ya kaskazini, likafurika upande wa kusini na kutuletea maji kwa mto Ruzizi. Miaka kama 5,000 iliyopita mvua zile zikapungua tena, na zikapungua haraka.

Hata katika nyakati za karibu ziwa halikutulia. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika Lukuga akasema hapo ndipo maji yanapotokea. Mwaka 1876 Stanley alikuta mlango umejaa nyasi na matope, maji karibu yamesimama. Ziwa likazidi kupanda, na miaka michache baadaye likabomoa kizuizi hicho. Hadi mwisho wa karne ile lilikuwa limeshuka karibu mita 10. Ndiyo sababu kule Ujiji, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, leo pako mbali na maji. Na wazee wetu wangali wanakumbuka namna ziwa lilivyopanda tena baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, hadi kufika kilele chake mwaka 1964.

Kwa hiyo wale wanaosema Lukuga wana haki kwa sehemu: mlango ule ni mmoja tu, na ukiziba ziwa linapanda. Lakini maji mengi zaidi ya Tanganyika yanaondoka kwa kukauka juani, hayapiti Lukuga. Ndiyo maana mvua ikibadilika kidogo kwa miaka kadhaa, pwani yote inahama.

Kuna jambo jingine ambalo potopoto inatuonya. Mwaka 2010 Tierney na wenzake walionyesha kwamba joto la maji ya juu ya ziwa mwishoni mwa karne ya 20 halijaonekana kwa miaka 1,500. Ukame na mafuriko ya zamani havikuletwa na binadamu. Joto hili la sasa ni jambo jingine, nasi tunaingia ndani yake tukiwa tumejenga hadi ukingoni mwa maji.

Mtu anayenunua parseli pwani anaonyeshwa mahali maji yalipo siku ile, katika kiangazi, na anaambiwa huo ndio mpaka wa ziwa. Mpaka huo haujawahi kuwako. Kuzuia mvua haiko katika uwezo wa serikali, lakini alama za 1964 na za 2024 zinaweza kupimwa na kusimikwa katika kila mtaa wa pwani, na watu wa kadasta wakakataa kutoa karatasi chini ya alama hizo. Hadi hapo, ndugu msomaji, kabla ya kulipa franga zako, umwulize mzee wa mtaa maji yalifika wapi.