Neno la leo: Tengeneza

Tengeneza hutokana na tengenea, yaani kuwa sawa, kama elea inavyozaa eleza. Neno hili lina kazi mbili: kuunda kipya na kurekebisha kilichoharibika. Katika sekta ya Nyakabanda, wilayani Nyarugenge jijini Kigali, Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, huishi bega kwa bega na Kinyarwanda, ambacho kwa urekebishaji kina kitenzi chake, gusana.

Faili la barua pepe la Outlook lililoharibika huonyesha maana zote mbili kwa pamoja. Programu ya Scanpst hulikagua kipande kwa kipande, kisha huunda upya majedwali yanayoonyesha kila ujumbe ulipo. Kwa hiyo faili la gigabaiti 20 laweza kuchukua saa nyingi, na mara nyingi kazi hurudiwa mpaka makosa yaishe. Ujumbe uliopoteza folda yake, ukiokolewa, huwekwa kando.

Kazi ikiendelea, faili linatengenezwa. Likishafunguka bila hitilafu, limetengenea. Kabla ya kuanza, mwenye faili atoe nakala.